Jamvi Alilobeba Sajini Faki

Mwezi uliopita mlinifanyia hafla ya kuniaga, mkanipa saa ya ukutani na keki iliyoandikwa jina langu kwa makosa. Nawashukuru. Saa inakwenda, ingawa kwa mwendo wake yenyewe. Keki tuliimaliza. Kisha mmoja wenu, huku akifuta vidole, akaniuliza: "Bi Kazija, hiki kituo chetu kilianza vipi hasa?" Nilifungua mdomo nikaona jibu lenyewe si la kusimama. Nimekaa sasa, nawaandikia.

Vyeo vyangu vimo kwenye faili, anayevitaka akavisome. Mimi nataka kuwaelezea chumba kimoja, daftari moja, jamvi moja na mtu mmoja, Sajini Faki, aliyeanzisha kazi ya polisi hapa Mtengoni. Na nataka kuwaelezea kosa langu, maana wengi wenu mmelisikia nusunusu, na wawili kati yenu nimewasikia mkilisimulia vibaya.

Mtengoni ya siku hizo haikuwa hii. Kawaida ulikuwa mji mdogo wa njia panda, gari za abiria za Konde na Wete zikipishana hapo, maduka sita na soko. Lakini msimu wa karafuu ukiingia, wachumaji walikuja kutoka kila upande, mji ukajaa mara mbili, na wizi ukajaa nao. Ukianika karafuu ilibidi mtu akae nazo. Ukienda kusali Adhuhuri, ukirudi unakuta uwanja mtupu: wamekunja pembe nne za jamvi, wameondoka na karafuu na jamvi lenyewe. Baiskeli zilitoweka, mbuzi walitoweka, nguo zilianuliwa kambani na wasiozifua. Mama mmoja aliibiwa sufuria ya mchuzi ikiwa bado inachemka. Sitii chumvi, maelezo yake niliyaandika mimi.

Polisi walikuwa Wete, na mpaka ufike Wete mwizi kashafika kwake, kaoga, kala. Kwa hiyo watu walikuwa na njia zao mbili. Wa kwanza walikwenda kwa shehe kusomesha halbadiri, mwizi aapizwe. Wa pili walipiga kelele za mwizi na kuanza kupiga. Siku moja pale sokoni mchumaji mmoja alikuwa akikimbilia gari yake isimwache. Mtu akapaza sauti: "Mwizi!" Walipomwacha alikuwa amepoteza jicho, na mfukoni mwake hamkuwa na kitu cha mtu. Baada ya mkasa ule ndipo tukaletwa sisi.

Nyinyi mmekuta kituo chenye kaunta, kompyuta na kiti kinachozunguka. Sisi tulikuta ghala ya dagaa. Mwenyewe alihamia Wete, tukakipiga chumba chokaa mara mbili, lakini harufu haikuhama naye. Karatasi zetu zilipofika Wete zilijulikana zimetoka wapi kabla hazijafunguliwa. Tulikuwa na meza moja, pingu mbili zenye ufunguo mmoja, na filimbi tatu. Benchi tuliliazima chuoni, watoto wanakosoma Kurani, kwa sharti la kulirudisha kila siku baada ya Alasiri wakiingia darasani. Aliyeibiwa asubuhi alitoa maelezo akiwa amekaa, aliyeibiwa jioni alisimama.

Tulikuwa watatu. Konstebo Juma alikuwa na mbio kuliko maneno. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka mafunzoni, viatu vyangu vikubwa saizi moja, nikitembea kwa kishindo ili visinivuke. Na Sajini Faki, mtu wa Kengeja, mwembamba, mtu mzima tayari wakati ule, penseli nyuma ya sikio chini ya kofia. Watu wa huku kaskazini ya Pemba walimtania kwa lafudhi yake ya kusini, naye akawa anaizidisha makusudi wacheke zaidi. Alikuwa na tabia ya kuuliza jambo mara mbili. Ukijibu mara ya kwanza anaitika, kisha anatazama nje, kisha anauliza tena vilevile. Iliniudhi sana. Leo ningetoa chochote nimsikie akiniuliza tena.

Wiki za mwanzo hakuja mtu. Nasema uongo, alikuja bibi mmoja kuuliza kama dagaa bado wanauzwa. Sajini akatoka nje, akamwona Mzee Makame akipita, ambaye kila mtu alijua kaibiwa mbuzi.

"Mzee Makame, mbona hukuja kwetu?"

"Nimekwenda kusomesha halbadiri, Sajini."

"Na sisi je?"

"Nyinyi munauliza maswali mengi, yakhe. Halbadiri haimuulizi ntu kitu."

Sajini alicheka mpaka akafuta macho. Alipoingia ndani alikuwa hacheki tena. Akaniambia, "Kazija, mzee kasema kweli. Sisi tunauliza maswali kitu kishapotea. Tuyaulize kabla."

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa lile daftari mnaloliona kwenye kabati la chuma, lenye jalada la kaki, ambalo mmoja wenu alitaka kuliwekea kikombe cha chai juu yake nikamfokea. Tuliliita daftari la alama. Tulikwenda nyumba kwa nyumba, tukimwuliza kila mwenye nyumba swali moja: kitu chako ukikikuta pahala pa watu, utakijuaje? Utashangaa jinsi watu wanavyovijua vitu vyao. Mbuzi huyu sikio la kushoto limetobolewa. Pishi hii ina ufa uliozibwa kwa gundi ya mfenesi. Mtu mmoja alitwambia ng'ombe wake hunywa maji kwanza ndipo akaangalia nani yuko karibu, na Sajini aliyaandika yote, herufi kwa herufi.

Vitu vya wanawake vilikuwa kazi yangu. Mwanamume hawezi kuingia uani kwa watu akapekua mikeka, na ndiyo sababu hasa nilipangwa pale. Lakini nina jambo la kukiri. Mimi sikujua kusuka. Mama alipotaka kunifundisha, baba alisema niachwe nisome, nami nikasoma. Wanawake waliponionyesha majamvi yao na kunieleza ukili, yaani ule mkanda mrefu wa miyaa, majani ya mkindu, unaosukwa kwanza, kisha mikanda ikaunganishwa kwa shazia, ile sindano kubwa, ikawa jamvi, nilitikisa kichwa kama anayejua. Niliona haya kuuliza. Nimevaa sare, nina filimbi, nitamuulizaje bibi wa watu kitu ambacho mtoto wa miaka minane anakifanya akiwa anaimba?

Mmoja wao alikuwa Bi Mkasi, mjane, mwenye maneno machache. Alama yake niliipenda. Katika usukaji wake, kila ukili ukifika urefu wa pima moja, alipitisha mwaa mmoja aliouchovya rangi nyekundu. Hakuna mwengine aliyefanya hivyo mji mzima. Niliandika: *Bi Mkasi, jamvi la kuanikia, mwaa mwekundu kila pima.* Sajini akasoma, akaitika, akatazama nje, akauliza: "Ndiyo yote?" Nikasema ndiyo yote.

Daftari lilianza kuzaa matunda kwenye baiskeli. Ilikamatwa moja Konde, imebadilishwa rangi, kengele na usukani. Mwizi alisahau kiti. Kwenye daftari tulikuwa tumeandika kwamba kiti kimevishwa kipande cha kanga ya mke wa mwenyewe, na mimi ndiye niliyeikumbuka ile kanga na maneno yake. Baiskeli ikarudi. Watu wakanisalimia kwa jina sokoni. Kichwa kikanivimba, sikatai.

Katikati ya msimu Bi Mkasi akaibiwa. Karafuu zake zote za siku nne, pamoja na jamvi. Alikuja kituoni asubuhi, akakaa kwenye benchi la chuo, hakulia. Alisema tu kwamba zile ndizo alizozitegemea mwaka huo. Niliapa moyoni kwamba jamvi lile nitaliona mimi.

Siku ya tatu yake nililiona. Sajini alikuwa Wete, nami nilikuwa nikirudi kutoka kuandika nyumba za upande wa bondeni. Mbele ya nyumba moja paliwekwa karafuu zinakauka, na pembeni ya jamvi, penye jua, nikaona wekundu. Nikainama, nikainua pindo. Mwaa mwekundu. Nikapima kwa mikono yangu pima moja. Mwaa mwekundu mwengine.

Kijana aliyekuwa akizigeuza zile karafuu aliitwa Kombo. Alikuwa na umri wangu, mpole, anaishi na mama yake, Bi Riziki, ambaye siku ile alikuwa Pujini kwenye harusi ya jamaa. Nilimuuliza jamvi lile la nani.

"La mamaangu."

"Kila mtu hujibu hivyo."

"Sasa nijibuje, Bi Kazija? Mie n'nakwambia la mamaangu. Alilishona mwenyewe, miye n'kimuona."

"Na huu mwekundu?"

Akautazama. Naapa ilikuwa mara yake ya kwanza kuuona. Wanaume huyakanyaga majamvi miaka na miaka, hawayatazami. "Sijui," akasema. "Mambo ya ukili wanayajua wenyewe wanawake."

Hapo mimi nilikuwa mwanamke, na nilikuwa sijui, na nilisema ninajua. Nikamwamuru amwage karafuu kwenye sakafu ya ukumbi, alikunje jamvi na ajitwike.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo mnapopasimulia vibaya. Mnasema Kazija hakuwa na njia nyengine. Njia zilikuwapo. Ningeweza kumwita Juma kutoka kituoni alinde jamvi, nikamwita Bi Mkasi aje alitazame palepale. Ningeweza kupita njia ya nyuma ya msikiti, tukafika kituoni bila kuonwa na mtu. Nilipita sokoni, saa nne asubuhi, siku ya soko. Nilitaka nionwe.

Pale pale alipopoteza jicho yule mchumaji, watu walianza kupaza sauti. "Mwizi wa karafuu! Kapatikana!" Kifuu kikaruka, kikampiga Kombo begani. Nilipuliza filimbi, nikamkinga, hakupigwa tena. Lakini alikuwa amebeba mzigo kichwani, mikono yote miwili juu, hakuweza hata kujifunika uso. Hilo ndilo ninaloliona mpaka leo. Mikono yake iko juu, na machozi yanamteremka mpaka kidevuni, hana wa kumfutia.

Sajini alirudi kesho yake kwa gari ya kwanza. Alimkuta Kombo amekaa kwenye benchi, ameinamisha kichwa, na mimi nimesimama kama niliyeshinda vita. Nikamsomea maelezo. Akaitika, akatazama nje.

"Umemwita mwenye mali?"

"Bado, Afande. Lakini alama ni yenyewe."

"Una yakini?"

"Nina yakini."

Akatazama nje tena. "Una yakini?"

Nikatumwa nikamwite Bi Mkasi.

Alikuja, akapiga magoti palipotandikwa lile jamvi, akapitisha vidole polepole ukili kwa ukili. "Huu wangu," akasema, na mimi nikamtazama Sajini. Vidole vikaendelea. "Huu si wangu. Huu wangu. Huu si wangu." Alipomaliza akavuta uzi wa mshono kwa ukucha. "Na mshono si wangu. Huu mshono wa Riziki. Yeye huvuta sana, miye nkono wangu mwepesi. N'lipokuwa edani nilisuka sana, ntu ukikaa ndani miezi minne na siku kumi utafanyaje? Riziki akija kila jioni kunitazama. Nilipotoka eda nikampa kili sita, akasuka zake sita, akaunganisha. Jamvi lake hili. Langu ni jengine."

"Bi Mkasi," nikasema, "mbona hukuniambia kwamba ulimpa mtu ukili wako?"

"Hukuniuliza, mwanangu. Uliniuliza jamvi langu nitalijuaje, nikakwambia." Kisha akanitazama vizuri, bila ubaya wowote. "Kwani weye hujui kusuka?"

Kila mwanamke wa Mtengoni alijua kwamba ukili hupeanwa. Aliyefiwa hupewa, anayeoza binti hupewa, mgonjwa husukiwa. Hakuna aliyeona haja ya kunitajia, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba mwanamke mzima wa Kipemba hajui.

Nilitegemea Sajini anifokee. Hakunifokea. Alimwomba Kombo msamaha kwa kumwita jina lake na la baba yake, akaandika kwenye kitabu cha matukio kwamba kijana yuko huru na kosa ni la kituo. Kisha akavua kofia, akanipa niishike, akainama, akalikunja jamvi na kujitwika.

"Afande, nipe nilibebe mimi."

"Wewe utasema. Mimi nitabeba."

"Niseme nini?"

"Ulichokitenda. Kila ulipopita jana, tutapita leo. Saa ileile."

Tukatoka. Mbele Sajini wa polisi, sare imepigwa pasi, jamvi kichwani. Nyuma yake mimi na kofia yake mkononi. Nyuma yangu Kombo. Kwenye kila baraza iliyokuwa na watu, Sajini alisimama, nami nikasema: "Jamaa, jana nilimpitisha Kombo hapa kama mwizi. Si mwizi. Jamvi ni la mama yake. Nimekosea mimi." Baraza ya kwanza nilisema kwa haraka. Ya tatu sauti ilinikatika, Sajini akangoja mpaka irudi. Mbele ya duka la halwa bwana mmoja alicheka: "Leo polisi kawa hamali wa raia! Dunia imegeuka!"

"Cheka, yakhe," Sajini akamjibu kutoka chini ya jamvi, "lakini kwanza sikiliza. Kazija, sema tena, huyu bwana hakusikia."

Nikasema tena.

Bi Riziki alikuwa amerudi kutoka Pujini, yuko mlangoni, habari zimemfikia. Karafuu zake zilikuwa bado zimemwagwa ukumbini, zimeshaanza kuvunda. Sajini akatua jamvi, akasema, "Bi Riziki, tumekukosea wewe na mwanao." Naye akajibu, "Mushalirudisha. Haya." Mimi nilisema nisamehe. Alinipita kwa macho, akamshika Kombo mkono, wakaingia ndani.

Mtaniuliza, mwizi wa kweli je? Hatukumpata. Karafuu za Bi Mkasi hazikuonekana tena, na jamvi lake pia. Naliandika hili ili msidhani kazi hii humaliza kila ilichokianza.

Lakini wiki ile ile Mzee Makame alikuja kituoni, akakaa kwenye benchi bila kuitwa. "Halbadiri n'nasomesha bado," akasema, "lakini na nyinyi niandikieni mbuzi wangu." Akaja na mwengine. Akaja mama wa sufuria. Ikafika siku watu wanalisubiri benchi lenyewe. Sitaki kusema kwamba ilikuwa heri, maana aliyelipia si mimi. Nasema tu ilivyokuwa: Mtengoni ilianza kutuamini tangu ilipomwona Sajini amebeba lile jamvi, na kelele za mwizi sokoni zilipungua, mpaka siku hizi watu humleta mtu kituoni kwa miguu yake mwenyewe.

Jioni ile Sajini alichukua rula, akapiga mstari mpya kwenye kila ukurasa wa daftari la alama, kurasa zote. Juu ya safu ile mpya akaandika: *Mkono wa pili.* Tangu hapo hatukuuliza tu utakijuaje. Tuliuliza pia, nani mwengine mkono wake umo? Nani alikupa, nani alikushonea, nani alikuazima? Ndiyo ile safu ambayo nyinyi mnaiacha wazi mkiwa na haraka, nami nikiwarudishia daftari mnakunja uso. Sasa mnajua kwa nini.

Kombo lilimganda jina. Watu hawakumwita mwizi, walimwita Jamvi, kwa mzaha tu, na mzaha ule ulimla. Kabla ya msimu uliofuata alivuka kwenda Tanga, na kutoka Tanga akaenda mbele zaidi. Alioa huko, akazaa huko. Kurudi hakurudi.

Mimi nilihamishwa Chake, nikahamishwa kwengine, nikarejeshwa. Kila niliporejea Mtengoni nilipita kwa Bi Riziki kumsalimia. "Masalkheri, Bi Riziki." "Masalkheri." Basi. Hakunitukana, hakunigeuzia uso. Neno moja tu hakuwahi kunipa, neno ambalo hapa kwetu hupewa hata mpita njia asiyejulikana: karibu. Nililitamani neno lile miaka yote ya kazi yangu. Nilipewa barua za pongezi, ninazo kwenye sanduku, na kila nilipopewa niliwaza, laiti ningepewa lile.

Sajini Faki alistaafu kabla yangu, akarudi Kengeja kulima muhogo na migomba. Nilikwenda kumwona mara nyingi, tukikaa tukipitia watu na vitu vya zamani, nani kafa, nani kaoa. Kila mara kabla sijaondoka aliniuliza, "Kombo karudi?" Nikasema bado. Akaitika, akatazama nje, akauliza tena. Safari ya mwisho hakuwa na nguvu ya kuuliza mara mbili, nami nikakaa nikilingojea lile swali la pili mpaka gari ikapiga honi. Walinipigia simu siku ya tano yake. Nina hamu naye. Hata viatu vyangu vikubwa nina hamu navyo, na ile harufu ya dagaa, na sauti ya watoto wakilijia benchi lao.

Wiki moja baada ya keki yenu, nilivaa buibui langu, nikaenda kwa Bi Riziki. Nikapiga hodi.

"Nani?"

"Kazija."

"Kazija gani?"

"Kazija wa polisi. Lakini nimestaafu, Bi Riziki. Si polisi tena."

Kisha nikasikia mkeka ukitandikwa.

"Basi karibu, mwanangu. Miaka yote hii ukija na kofia. Miye polisi nisingeweza kumkaribisha."

Nililia mlangoni kwa watu, mtu mzima mimi, mpaka akaniambia niache, majirani watadhani kuna msiba. Aliponiketisha akaniwekea miyaa mapajani.

"Suka."

"Sijui, Bi Riziki."

"N'najua hujui. Ndiyo yaliyotufikisha hapa."

Nimekuwa nikienda kila siku baada ya Alasiri. Macho yake hayaoni vizuri tena, lakini vidole vinaona. Huupokea ukili wangu, huupapasa, kisha huniambia neno moja: "Fumua." Ninafumua. Kesho yake vilevile. Mafunzo ya polisi hayakuwa magumu hivi.

Anashona jamvi la Kombo. Kombo amesema atakuja Idi. Idi iliyopita alisema hivyo hivyo, na ya kabla yake. Juzi alipiga simu, mama yake akanikabidhi bila kunionya. Nikasema, "Kombo, ni Kazija." Akauliza kama Sajini Faki yuhai. Nikamwambia.

"Allah amrehemu," akasema. "Siku ile n'likuwa nyuma yenu. Shingo yake ilikuwa ikitetemeka. Lile jamvi lilikuwa zito, naye mtu mzima. Nimekaa nikilifikiri hilo miaka yote." Hakuniambia kwamba amenisamehe, wala sikumuomba kwenye simu. Alisema, "Idi, Inshallah," akakata.

Jana Bi Riziki aliupokea ukili wangu, akaupapasa kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Nikaanza kuinua mkono niupokee nikafumue. Hakunirudishia. Akachomoa shazia, akauweka ubavuni mwa ukili wake na kuanza kushona, akivuta sana uzi kama alivyosema Bi Mkasi.

"Bi Riziki, uache, umepinda. Kombo ataona."

"Ndo n'nataka aone," akasema, hakuinua kichwa.

Kwa hiyo nina ombi, na ndilo nililoanza kuandika kwa ajili yake, hayo mengine yamejileta yenyewe. Fungueni kabati la chuma. Toeni daftari la alama, mikono yenu iwe mikavu. Tafuteni ukurasa wa Bi Riziki, andikeni hivi, kwa wino: *Jamvi jipya, la mwanawe Kombo. Kili kumi na mbili. Kumi na moja zimenyooka, mmoja umepinda.* Kisha msiiache wazi ile safu ya Sajini. Kwenye mkono wa pili, andikeni jina langu.